Hukumu Moja, Milango Miwili

Nimepewa dakika tano, na kumpa mwanafunzi wa sheria dakika tano ni adhabu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mkulima wa Zimbabwe, Mike Campbell, shamba lake lilitwaliwa na serikali. Katiba ya kwao ilibadilishwa 2005 kuzuia mahakama kusikiliza kesi za kupinga utwaaji huo. Akavuka mpaka, akafungua kesi Windhoek kwenye Mahakama ya SADC, na Novemba 2008 akashinda. Najua kuna atakayeuliza: dada, unatetea walowezi? Hapana. Ardhi ile iliporwa na wakoloni, na kudai irudi ni haki. Lakini serikali yenye haki inaogopa nini mbele ya jaji?

Sasa sikilizeni. Hukumu ya nje haijitekelezi yenyewe. Unaipeleka kwenye mahakama ya nchi ambako mali ya aliyeshindwa ipo, inasajiliwa, ndipo inatekelezwa. Hii ilibisha hodi milango miwili mwaka 2010. Harare, Mahakama Kuu ilikubali kwamba Windhoek walikuwa na mamlaka, ila ikakataa kuisajili, eti inagongana na katiba na maslahi ya umma. Afrika Kusini wakaisajili, na nyumba ya serikali ya Zimbabwe kule Cape Town ikakamatwa kufidia gharama za kesi. Zimbabwe ikakata rufaa hadi Mahakama ya Katiba, ikashindwa 2013.

Mimi jaji wa Harare simlaumu sana. Mdaiwa ndiye aliyeandika kifungu ambacho jaji alitakiwa kukifuata! Unaweza kuua uhuru wa mahakama bila kumpigia jaji simu hata moja.

Na wakubwa wa SADC? Walisimamisha mahakama yenyewe 2010, na 2012 wakakubaliana kwamba ikirudi isikilize kesi za nchi kwa nchi tu. Mimi na wewe, nje. Tanzania ilikuwepo mezani. Chama cha Wanasheria Tanganyika kikaenda Mahakama Kuu hapa hapa Dar, na 2019 majaji wakasema kuisimamisha kulikwenda kinyume na utawala wa sheria. Ndiyo, majaji wetu hawa hawa tunaowasema kila siku.

Mgombea akija kuomba kura, muulizeni: ukienda SADC utasaini nini? Haya, maswali. Ya mtihani sijibu.