Hotuba Juu ya Ushujaa wa Kuanza Biashara



Kijana anapoacha mshahara ili afanye biashara, twasema amepotewa na akili. Mnamo mwaka 1957 marehemu Nelson Muguku aliacha ualimu huko Kapenguria, akaenda kufuga kuku. Naye alianza na kuku majike wawili na jogoo mmoja. Nani angalimsifu siku ile? Mwalimu alikuwa mtu wa kuamkiwa njiani, na kuku walikuwa kazi ya watoto nyumbani. Lakini yeye alilijua analolitafuta, akaishikilia kazi hiyo moja, hata mwaka 1965 akanunua shamba la kutotoa vifaranga huko Kikuyu. Kwangu mimi, miaka ile minane ndiyo ushujaa wenyewe; maana barua ya kuacha kazi, nasema nikiwa karani, ni jambo la dakika chache.

Basi nawaombeni, wazee wetu, kijana akija mbele yenu kutaka msaada wa mtaji, msimcheke. Mwulizeni anakusudia nini hasa, na kama yu tayari kuendelea nalo mwaka wa tatu, faida ikiwa bado haijaonekana.