Jangwa Ndilo Lililowafuata: Watu wa Kale na Mto Nile



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu, nashukuru kupewa nafasi hii baada ya swala ya alasiri, ingawa najua saa hizi mwenye saumu akisikia habari za mto anawaza maji tu! Nimechagua mto Nile kwa sababu juzi kijana mmoja darasani aliniuliza suali likanishinda papo hapo. Alisema, "Ustadh, Misri ni jangwa tupu. Hao watu wa kale waliona nini hata wakaenda kukaa jangwani?"

Nimekwenda nikasoma. Jawabu ni kwamba hawakulifuata jangwa. Jangwa ndilo lililowafuata wao.

Miaka kama 9,000 iliyopita Sahara haikuwa hii tunayoiona kwenye ramani. Mvua za msimu zilifika mbali zaidi kaskazini, kukawa na nyasi, maziwa na wanyama. Kusini-magharibi mwa Misri, huko Gilf Kebir, liko pango lenye michoro ya watu wanaoonekana kama wanaogelea. László Almásy, msafiri wa Hungary, alilifikia mwaka 1933. Hebu fikirieni, kuogelea! Leo pale maji ya kutawadha hupati. Na Nabta Playa, kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Abu Simbel, wafugaji wa ng'ombe walikaa kando ya ziwa la msimu, wakachimba visima na kusimamisha mawe makubwa.

Kisha mvua zikaanza kurudi kusini, kidogo kidogo, kwa karne nyingi. Kufikia miaka kama 5,000 iliyopita sehemu kubwa ilikuwa mchanga. Wengine walihama na mifugo yao kuelekea kusini, wengine wakasogea mtoni. Katika karne hizo hizo miji kama Naqada na Hierakonpolis ilikua, na kama mwaka 3100 kabla ya Nabii Issa (AS) nchi nzima ikawa chini ya mfalme mmoja. Sisemi ukame peke yake ndio ulioleta ufalme, lakini watu wengi wakibanwa kwenye ardhi nyembamba, lazima wapatikane wa kupanga mambo.

Sasa, mbona mto haukukauka? Kwa sababu maji yake si ya Misri. Mengine hutoka Ziwa Victoria, ambamo Nzoia yetu inamwaga. Lakini yale ya mafuriko mengi yalitoka milima ya Uhabeshi, kwa mto Atbara na kwa Blue Nile inayoanzia Ziwa Tana (msichanganye na Mto Tana wetu). Mvua za huko zikinyesha kuanzia Juni, mto Misri ulipanda ukafunika mashamba, na Oktoba hivi ukarudi ukiacha tope jeusi. Humo ndimo walimopanda ngano na shayiri. Ndiyo maana nchi yao waliiita Kemet, yaani nchi nyeusi, na jangwa wakaliita nchi nyekundu.

Lakini kukaa kando ya mto si kukaa popote. Ukijenga bondeni chini, nyumba ya matofali ya udongo inayeyuka mafuriko ya kwanza tu. Kwa hivyo vijiji vilipanda juu ya kingo ambazo mto wenyewe uliziinua kwa mchanga na tope lake, na kule delta vikapanda kwenye vilima vya mchanga. Nyumba ikibomoka, mpya ilijengwa juu ya kifusi chake, kijiji kikazidi kuinuka. Makaburi nayo mara nyingi yakapelekwa ukingoni mwa jangwa, pakavu, ardhi ya kulima isiliwe bure. Ni kama mto ndio uliokuwa ukigawa ploti!

Kisa cha Nabii Yusuf (AS) na miaka ya njaa sote tunakijua. Misri mvua ni haba mno, kwa hivyo mwaka wa njaa kwa kawaida ulikuwa mwaka ambao mto haukupanda vya kutosha. Waislamu walipotawala walilijua hilo vizuri. Mwaka 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil, kilijengwa kisima cha kupimia mto kisiwani Roda, Cairo, chenye nguzo iliyotiwa alama za dhiraa. Maji yakifika dhiraa 16 watu walifurahi. Yakipungua, bei ya ngano ilipanda sokoni hata kabla ya mtu kupanda mbegu. Yakizidi sana, vijiji vilizama.

Nguzo ile ipo mpaka leo lakini haipimi kitu. Bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na mafuriko hayafiki tena. Sasa watu wanajenga mpaka bondeni, juu ya lile tope jeusi lenyewe, pale ambapo babu zao hawangeweka hata banda la mbuzi.

Kijana wangu yupo pale nyuma, nadhani amenisikia. Mwenye suali jingine aulize kabla ya adhana.

Wassalaam alaykum warahmatullah.