Bima ya Bodaboda Manyatta

Katika eneobunge la Manyatta, Kaunti ya Embu, ambako njia za udongo za mashamba ya majani chai na kahawa huteleza kila msimu wa mvua, bodaboda zimekuwa tegemeo tangu Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, lakini ajali nazo zimeongezeka. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, hulazimisha bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayomfidia anayegongwa, ilhali mwendeshaji aliyevunjika mguu hafidiwi na bima yake hiyo. Kwa kuwa ajali nyingi hupandisha ada ya bima, haifai kumwacha anayepata riziki ya siku kwa siku abebe mzigo huo peke yake; vyama vya akiba na mikopo vimwezeshe kulipa kidogo kidogo, na barabara zikarabatiwe.