Mhina Mbele ya Nyumba



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya kupanda vichaka vya maua nyumbani. Huenda baadhi yenu mwaona kwamba maua ni anasa katika nchi kavu kama yetu ya Nanighi, ambako ndoo ya maji hutoka mtoni Tana, na mara nyingi huja juu ya kichwa cha mwanamke. Neno hilo ni la haki. Kwa hiyo twasema: mti utakao maji ya mama sharti uwe na cha kumlipa. Mti huo ni mhina.

Mhina una majani madogo ya kijani na vishada vya maua meupe yenye harufu nzuri. Ukipogolewa hubaki mfupi, ukafaa kuwa ua. Ukiachwa hurefuka, na matawi yake ya zamani hutoa miiba. Majani yakikaushwa kivulini na kutwangwa, ndiyo hina ya maarusi, ya sikukuu na ya ndevu za wazee.

Kuupanda si kazi ngumu. Mbegu zilowekeni siku chache, mkibadilisha maji kila siku, ndipo mzisie; au pandeni vipande vya matawi mvua zinapoanza. Miezi ya kwanza umwagilieni maji yaliyosuuzia vyombo, na uzungushieni miiba mpaka ukue. Ukisha kushika mizizi huvumilia ukame.

Lakini tuchague kwa macho. Mathenge nao ni wa kijani mwaka mzima, nao uliletwa kwa nia njema: katika miaka ya 1980 ulipandwa Bura ili watu wapate kuni. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakazitawanya mbegu kwa samadi yao, na leo umeziba malisho na njia za kwendea mtoni. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu haribifu.

Basi, mche wa mathenge ukiota uani, ung'oeni ungali mchanga pamoja na mzizi wake, na mahali pake mtie mhina. Nyumba itapata ua, bibi arusi atapata hina, na maji ya mama hayatakuwa yamemwagwa bure.