Samaki wa Pwani: Mama Ale, Mtoto Ale

Shule zinakaribia kufungwa, na hapa Kapsoya nimeanza kusikia mipango ya Mombasa. Mmoja ana harusi ya binamu, mwingine chama chao kimeweka akiba mwaka mzima ili watoto waione bahari. Basi leo tuzungumze juu ya chakula cha baharini, kwa sababu swali nililoulizwa mara nyingi kliniki ni hili: nesi, huko nitamlisha nini mtoto?

Sisi wa Eldoret tumezoea samaki wa ziwani: omena, mbuta na ngege. Ukifika Pwani unakutana na changu, tafi, nguru, pweza, ngisi, kamba na kaa, tena majina mengine hujawahi kuyasikia. Kuna akina mama wanaoogopa, wakakaa wiki nzima wakiwalisha watoto chipsi na soseji. Hiyo ni hasara. Samaki wa baharini ana protini ya kujenga mwili, ana madini ya aidini, na wengine wana mafuta yanayosaidia ubongo wa mtoto kukua. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula samaki aliyeiva vizuri, akatolewa miiba na kupondwapondwa. Aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake, hata kama shangazi wa Likoni anasisitiza aonjeshwe mchuzi.

Uanzie wapi? Katika Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni, si mbali na Fort Jesus, kuna hoteli ndogo zinazopika vyakula vya Waswahili wenyewe. Asubuhi agiza mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi hizo ni laini na mtoto mdogo huzimudu. Mchana kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka, yaani samaki anayechomwa kwa makaa, kisha anapakwa tui zito lenye viungo. Sema mapema, kabla hajapikwa, kwamba wa mtoto asiwe na pilipili. Wapishi wa Pwani ni waungwana, hawatakukasirikia. Jioni watu hupunga upepo Mama Ngina, bustani ya ufuoni iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, wakinunua madafu na mihogo ya kukaanga.

Sasa sikiliza kwa makini. Hoteli ndogo si lazima iwe chafu, na hoteli kubwa si lazima iwe safi. Angalia chakula kinavyotoka. Kama samaki anatoka jikoni akifuka moshi na mahali pale pana wateja wengi, keti ule. Kama samaki wamekaangwa asubuhi na sasa ni saa kumi, wamepangwa kwenye kabati la kioo wamepoa, omba akaangwe mwingine au uende zako. Tui la nazi nalo huchacha upesi kwa joto la Pwani, kwa hiyo mchuzi uliobaki mchana usiubebe kwenye kopo eti mtoto atakula usiku. Wanaovuka hadi Zanzibar wataikuta Forodhani, ambako jioni mishikaki ya pweza na samaki hupangwa mezani kwa wingi. Chagua ambayo haijapikwa, ichomwe mbele yako mpaka ndani.

Jodari, nguru na vibua wana jambo lao. Wakikaa juani bila barafu, hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, na samaki anaweza asinuke kabisa. Mtu akila, baada ya dakika chache au saa chache huhisi uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, na upele unatoka. Wengi hudhani amerogwa au ana mzio wa samaki. Mpeleke kituo cha afya. Mzio wenyewe huonekana zaidi kwa kamba na kaa, na kwa samaki pia, kwa hiyo mara ya kwanza mtoto aonje kidogo tu. Midomo ikivimba au akipumua kwa shida, usingoje hata dakika moja, kimbilia hospitali.

Chaza huliwa wabichi kwa ndimu, na wageni hupenda sana. Wewe mjamzito, na mtoto wako, msile. Ndimu hukata shombo lakini haiui viini vya ugonjwa. Mjamzito pia aache papa, nduaro na sulisuli, kwa maana samaki hawa wakubwa hukusanya zebaki mwilini, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nguru mkubwa asiwe wa kila siku. Changu na tafi wanatosha, na utamu wao hauna mpinzani.

Kuna wanyama wawili ambao hata ukipewa bure ukatae. Wa kwanza ni bunju, yule samaki anayejijaza na kuwa kama mpira. Sumu yake haiishi kwa moto. Wavuvi wanamjua na humtupa, lakini watoto wanaweza kumwokota ufuoni, kwa hiyo waonye.

Wa pili ni kasa. Mnamo Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa hospitalini. Novemba 2021, huko huko Pemba, watu 7 walikuwa wamekufa kwa nyama hiyo hiyo, akiwemo mtoto wa miaka 3. Si kila kasa ana sumu, na hapo ndipo hatari ilipo: mzee atakuambia amekula miaka yote na yuko hai. Nyama hiyo haibadiliki rangi wala harufu, na kuichemsha hakusaidii. Mama anayenyonyesha anisikie vizuri hapa: sumu ya kasa hupita kwenye maziwa. Unaweza kula wewe ukaugua kidogo, na mtoto aliye kifuani, ambaye hakuonja hata mchuzi, akafa. Tena hapa Kenya kasa analindwa na sheria. Mwenyeji akikuletea kwa heshima, shukuru kwa upole na useme nesi amekukataza.

Supu ya pweza je? Kunywa, ni nzuri. Utaambiwa inaongeza maziwa, na akina baba wataambiwa mengine ambayo sitayasema hewani. Maziwa huongezwa na mtoto kunyonya mara nyingi.

Mwiba ukimkwama mtoto kooni, usimlazimishe kumeza donge la ugali kama tulivyofanyiwa sisi utotoni. Donge huweza kuusukuma mwiba ukazama zaidi. Usitie kidole pia. Nenda hospitali wautoe kwa vyombo.

Kabla ya safari, weka kwenye mkoba pakiti za ORS, tembe za zinki na kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mtoto akiharisha, changanya ORS kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, maji yawe safi, umpe kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Macho yakibonyea, akilegea, akitapika kila kitu, akipata degedege, au ukiona damu kwenye choo chake, mpeleke kituo cha karibu siku hiyo hiyo. Beba na neti iliyotiwa dawa. Pwani kuna malaria kuliko huku kwetu kwenye baridi, na miili ya watoto wetu haijaizoea. Mkirudi na mmoja wao akapata homa, mwambie daktari mara moja kwamba mlikuwa Pwani.

Safari njema, mama. Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo.