MBEGU IHESABIWE KABLA YA KUPANDWA
(Mazungumzo ya Katibu kwa wanachama wa ushirika, siku ya kufungua ghala la mbegu)



Kamati ya Ghala imetutaka tuyaandike hapa ukutani yale tuliyozungumza Jumapili, kwa sababu wengi walikuwa mazikoni, na baadhi ya waliofika walikaa nyuma hawakusikia vizuri. Basi tunayaandika karibu kama yalivyosemwa.

Msimu uliopita kaya kumi na nne za kitongoji cha juu zilinunua mbegu ya mahindi kwa mchuuzi aliyekuja na pikipiki siku ya mnada. Mifuko ilikuwa safi, imeshonwa, na mbegu ina rangi ya dawa kama inavyotakiwa. Wakapanda Novemba kwa mvua ya kwanza. Siku ya kumi shamba lilikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa mkasi mbovu, huku zipo, huku hakuna kitu. Mchuuzi hana duka, hana risiti, na hakurudi tena. Mbolea ya kupandia ilikuwa imeshaingia ardhini. Waliorudia kupanda mwishoni mwa Desemba walivuna mabua. Hatuyasemi haya kuwacheka wenzetu. Ile mbegu hata sisi tuliishika mkononi, na kwa macho ilikuwa nzuri.

Sasa mwaka huu ghalani tunayo magunia sita ya kilo mia ya mbegu ya Kilima, tuliyoichagua wenyewe shambani ili tukopeshane wanachama. Ekari moja inataka kilo kumi hivi, kwa hiyo magunia sita ni ekari sitini. Lakini hesabu hiyo ni ya mbegu inayoota. Je, yetu inaota? Tukijua wiki hii, tunazo wiki tatu za kuuza magunia hayo kama chakula na kununua mbegu dukani. Tukijua siku ya kumi baada ya kupanda, hatuna tena magunia wala mvua.

Njia ni ya kuhesabu. Chukua mbegu juu ya gunia, katikati na chini, changanya, halafu hesabu mia moja bila kuchagua. Tunarudia, bila kuchagua! Maana mkono wa mkulima umezoea kuokota punje nene, na ukichagua utajidanganya mwenyewe. Lowanisha kipande cha gunia au kitambaa kizito, kikamue kisichuruzike, panga mbegu kumi kumi kwa mistari kumi, kunja kama mkeka, weka mahali pa kivuli penye joto kidogo. Jikoni panafaa, ila si juu ya mafiga. Kila siku nyunyiza maji kidogo. Maji yakizidi mbegu itaoza, ukaja kuilaumu bure.

Siku ya saba fungua uhesabu. Inayohesabiwa ni ile iliyotoa mzizi na chipukizi, vyote viwili vizima. Iliyotoa mzizi tu, iliyopinda ikanyauka, au iliyoota ukungu, hiyo isihesabiwe. Hapa ndipo watu wanapooneana huruma wakasema "hii nayo itajikongoja". Haitajikongoja. Shambani kuna udongo mzito juu yake.

Zikiota tisini au zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiota sabini na tano, mbegu si ya kutupa lakini hesabu inabadilika. Sisi tuliopita darasa la kisomo tuifanye pamoja: palipotosha kilo kumi kwa mbegu ya tisini, sasa panataka kilo kumi na mbili. Hapo magunia yetu sita si ekari sitini tena, ni ekari hamsini, na ekari kumi za watu zinabaki bila mbegu. Ndiyo maana hatutaki kugawa kwanza na kupima baadaye. Zikiota chini ya sabini, Kamati inapendekeza yaende mashine ya kusaga, kwa kuwa ya kwetu hayakutiwa dawa. Yaliyotiwa dawa ya rangi hayaliwi na mtu wala kuku, hata ukiyaosha mara saba.

Mzee mmoja alituuliza: kwa nini tusiyatie majini tu, yanayoelea yatupwe? Ni kweli inayoelea mara nyingi ni nyepesi au imetobolewa, na kuiondoa kuna faida. Lakini iliyokufa kwa joto au kwa unyevu ni nzito vilevile, nayo itazama chini pamoja na nzima. Maji yanapima uzito, hayapimi uhai.

Na mbegu zetu hufa kwa mambo mawili hasa: unyevu na wadudu. Unyevu tuupime kwa chumvi. Chupa kavu yenye kifuniko, chumvi kavu iliyoanikwa, tia humo mahindi kiasi cha robo chupa, tikisa dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yamezidi unyevu wa asilimia 15. Isipoganda, tusishangilie mapema. Mbegu ya kuweka inataka asilimia 13 au pungufu, kwa hiyo anika tena. Anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya bati la moto. Bati linapika kiini, na punje inabaki na sura yake ile ile.

Wadudu tunawajua. Fukusi wetu ni wa siku zote. Huyu dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, si wa asili ya Afrika. Alitoka upande wa Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wazee walipotundika masuke darini juu ya moshi hawakuwa wajinga, moshi na ukavu vinawasumbua wadudu. Ila suke lisikae karibu na moto. Punje iliyotobolewa penye kiini usiihesabu kuwa mbegu.

Tuseme wazi pia jambo ambalo kile kipande cha gunia hakiwezi kutuambia. Kinaonyesha kama mbegu ni hai, hakionyeshi ni mbegu gani. Mahindi ya chotara ukiyavuna na kuyarudisha shambani yanaweza kuota tisini na tano kwa mia, kisha yakatoa shamba lenye warefu na wafupi, na mavuno yakashuka. Kilima unaweza kuirudia misimu kama mitatu kabla ya kutafuta mpya, chotara hapana. Kwa hiyo anayenunua dukani adai lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, adai na risiti, na mfuko asiuchome hadi avune. Mchuuzi anayekasirika ukimwomba risiti ameshakujibu.

Maharage ni hadithi nyingine kidogo. Hayo huumia kwa kutupwa. Gunia likishushwa kwa kishindo kutoka kwenye gari, ganda linapasuka na kiini kinavunjika ndani, wewe huoni. Vijana wa kupakua, tafadhalini, mbegu ya maharage ishushwe kwa mikono miwili.

Kikundi cha ng'ombe wa maziwa nacho kiliomba neno kuhusu majani makavu na majani ya kuvundika, maana sasa watu wanauziana. Kwenye majani makavu, usiangalie juu ya mzigo, ingiza mkono katikati. Ukikuta joto, yalifungwa mabichi. Yataota ukungu, na yakirundikwa mengi yanaweza hata kushika moto yenyewe. Yanayofaa yana ukijani ndani, yananukia vizuri, na yana majani mengi kuliko vijiti, kwa sababu chakula kiko kwenye majani. Yakikatwa yanapoanza kutoa maua ni shibe; yakikatwa baada ya mbegu kupukutika umenunua fagio.

Majani ya kuvundika yapimwe mara mbili. Kabla ya kufukia, finyanga konzi moja uiachie: maji yakichuruzika, anika kwanza, donge likifunguka polepole, fukia, ukanyage hewa itoke. Wakati wa kufungua, tumia pua. Harufu ya uchachu mtamu kama ya matunda yaliyoiva, na rangi ya kijani iliyoelekea njano, hiyo ni nzuri. Yakinuka kama siagi iliyooza, au yamekuwa meusi yananuka tumbaku, usilipe. Palipoota ukungu pasipewe ng'ombe. Sumukuvu si maneno ya redioni tu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi, na ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, nyingine hupita kwenye maziwa ambayo watoto wetu wanakunywa.

Utaratibu wa wiki hii ni huu. Jumatatu saa mbili asubuhi magunia sita yatafunguliwa mbele ya watu, si mbele ya Kamati peke yake. Kila gunia litatolewa mbegu mia mbili, mia zikunjwe ghalani, mia zikunjwe nyumbani kwa mwanachama atakayechaguliwa palepale. Hesabu zote mbili zitaandikwa hapa ukutani Jumatatu inayofuata, gunia kwa gunia, na zikitofautiana sana tutarudia. Mpaka hapo hakuna atakayepewa hata kilo moja, awe mjumbe, awe mwenyekiti, awe sisi wenyewe.

Wenye mbegu zao nyumbani nao wazilete wapimiwe, ni bure. Vipande vya gunia vipo kwa karani wa ghala, vimebaki vinane.

Katibu