MZIGO WA KADIRI: HOTUBA KWA WANACHAMA WENYE MALORI MADOGO



Twaomba ruhusa yenu tuseme machache juu ya malori madogo, ambayo wengi wetu twayategemea kwa chakula na karo za watoto.

Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu tani 8 juu ya ekseli ya mbele, na tani 10 juu ya ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu 4. Wako wanaodhani kwa hiyo lori dogo halina neno. Sivyo. Kila gari lina kikomo kilichowekwa na waliolitengeneza, nacho huhesabu gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo pamoja.

Tutoe mfano. Lori la kikomo cha kilo 7,500, likiwa na kilo 3,500 kabla ya kupakiwa, labakiwa na kilo 4,000. Dereva, vibarua wawili na zana zao wakiwa kilo 200, mifuko ya saruji ya kilo 50 haitapita 76. Mchanga nao hudanganya macho: uliolowa mvua huzidi mkavu kwa uzito, ijapokuwa kimo ni kile kile.

Mnunuzi atasema, "Ongeza kidogo." Lakini mteremkoni hayupo; anayekanyaga breki ni kijana wetu. Kwa hiyo twawasihi wenye magari: lipimeni lori likiwa tupu, andikeni uzito wake mlangoni, wala msimlipe dereva kwa wingi wa mzigo.